Risiti anayo mkononi, jina halipo kwenye malipo: kisa cha seva mbili na faili moja msimu wa korosho

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kimetokea Mtwara, kwenye chama kikuu kimoja cha ushirika, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Jina la chama, la wilaya, la AMCOS (chama cha ushirika cha msingi cha wakulima) na la kila mtu nimeyatoa, na vitu vichache ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadilisha bila kugusa upande wa kiufundi. Mimi niliingia na timu ya mafundi iliyoitwa baada ya marekebisho ya kwanza kugoma, kwahiyo sehemu ya mwanzo naitoa kwenye logi za seva (kumbukumbu za kila ilichofanya) na kwenye daftari la kaka mmoja wa IT wa pale, ambaye alikuwa anaandika kila alichobadilisha na saa aliyobadilisha. Daftari lile lilitusaidia kuliko kitu kingine chochote.

Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaosimamia mifumo ya seva mbili tatu, iwe ushirika, saccos, hospitali au halmashauri. Popote seva zaidi ya moja zinapoandika kwenye folda moja tatizo hili la seva moja kufuta kimya kimya kilichoandikwa na mwenzake lipo, ila linatokea mara chache sana ndo maana watu wanaishi nalo bila kulijua mpaka siku hela ya mtu ipotee.

Hali ilivyokuwa

Kwa asiyejua korosho zinauzwaje huku kusini: tangu msimu wa 2007/2008 korosho ghafi zinapita stakabadhi ghalani, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unapimwa, unapangwa daraja la kwanza au la pili, anapewa risiti yake, mzigo unapelekwa ghala kuu, unaingia mnadani, na mnunuzi akishalipa makato yanakatwa ndo hela inaingia akaunti ya mkulima. Sasa kati ya siku anayopima na siku anayolipwa mkulima hana kitu zaidi ya ile karatasi, korosho zishaondoka, kwahiyo kumbukumbu ya kilo zake ndo mali yenyewe. Hilo lishikeni maana ndo linalofanya mstari mmoja kupotea lisiwe jambo dogo.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Karani wa mizani anaingiza kilo kwenye kishikwambi, kiprinta kidogo kinatoa risiti hapohapo, data inaenda kwa mtandao wa simu mpaka ofisi ya chama mjini. Ofisini kuna seva mbili, tuziite Seva A na Seva B, mbele yake kuna lodi balansa inayogawa kazi, na nyuma kuna mashine ya tatu yenye diski kubwa, tuiite stoo. Stoo ndo inatunza mafaili, na seva zote mbili zinaiona kama folda ya kawaida kupitia NFS, njia ya kushirikisha folda kwa mtandao.

Kila AMCOS kwa kila mnada ilikuwa na faili moja la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), tuliite faili la mzigo, mstari mmoja kwa risiti moja: namba ya mkulima, kilo, daraja, namba ya risiti, saa. Programu ikipokea risiti mpya inasoma faili lote, inaongeza mstari mmoja mwisho, inaandika faili lote upya. Na aliyeiandika hakukosea, wakati anaiandika seva ilikuwa moja na risiti zinapita moja moja. Baadaye mzigo ukaongezeka, Oktoba na Novemba seva ile moja ikawa inaelemewa mpaka vishikwambi vinakaa vinazunguka tu, ikaletwa ya pili. Seva ikawa mbili, programu ikabaki ileile.

Malalamiko yalivyoanza

Hela za mnada mmoja zilipoingia, mama mmoja mtu mzima alikuja AMCOS asubuhi. Katibu alinisimulia baadaye, namnukuu kama alivyosema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Simu za wenzangu zote zimelia, yangu kimya."

Akafungua fundo la khanga akatoa risiti imekunjwa mara nne, zile karatasi za printa ya joto zinafifia haraka, wino ulishaanza kuwa rangi ya majivu lakini kilo zilisomeka, na namba ya risiti ilisomeka. Katibu akashuka na kidole kwenye orodha ya malipo mara mbili, jina hakuna.

"Bibi, una uhakika huu mzigo ulipima hapa kwetu?"

"Katibu, si wewe mwenyewe ulinishikia gunia?"

Na kweli alimshikia. Hapo mambo yakaanza kuwa mazito, kwa sababu huku kwetu kilo zikipotea mtu wa kwanza kutazamwa ni karani wa mizani. Kijana wa watu akaambiwa akae pembeni kwanza. Watu wakaanza kusema amechakachua, wengine wakamhusisha na kangomba, ile biashara haramu ya korosho nje ya mfumo rasmi, hakuna aliyefikiria seva, maana seva ilikuwa haijalalamika. Baada ya muda mfupi malalamiko ya namna hiyohiyo yakatoka AMCOS nyingine mbili, mbali kabisa na ya kwanza, makarani tofauti. Kaka wa IT akaona haiwezekani makarani watatu wasiojuana waibe kwa mtindo mmoja, akaanza kuchimba logi.

Mstari unapoteaje

Logi ya risiti ya yule mama ilikuwa inasema imepokelewa, imeandikwa, imefanikiwa. Sekunde hiyohiyo kwenye seva nyingine kuna risiti ya mkulima mwingine wa AMCOS hiyohiyo, nayo imefanikiwa. Ukiziweka pamoja unaona kilichotokea: Seva A imesoma faili lina mistari 212, Seva B nayo imesoma faili lilelile lina mistari 212, A ikaongeza wa kwake ikaandika faili la mistari 213, B nayo ikaongeza wa kwake ikaandika faili la mistari 213 juu ya lile. Mstari wa A umefutika na hakuna aliyepata kosa lolote. Ni kama makarani wawili kila mmoja akanakili daftari la ofisi aende nalo nyumbani, aongeze jina moja, asubuhi wote warudishe, na la mwisho kufika ndo linalowekwa kabatini.

Kwanini basi haikuwa inatokea kila siku? Sababu ya kwanza, lodi balansa ilikuwa inagawa kwa anwani ya IP, kishikwambi kikishaangukia Seva A kinabaki huko, kwahiyo AMCOS yenye mzani mmoja ilikuwa salama karibu muda wote. AMCOS kubwa zenye mizani miwili na vishikwambi viwili ndo zilikuwa hatarini, kimoja kikiwa A na kingine B. Sababu ya pili ni mtandao wa simu. Mtandao ukikata vijijini kishikwambi kinalimbikiza risiti, ukirudi kinapewa IP mpya, kinaweza kuangukia seva nyingine, na kinamwaga risiti zote kwa mpigo. Sababu ya tatu ilikuwa ndani ya programu yenyewe: ili kupunguza kazi ilikuwa inashikilia nakala ya faili kwenye memori kwa sekunde chache kabla ya kusoma tena. NFS kwa kawaida inakuhakikishia kwamba ukifungua faili baada ya mwenzako kulifunga utaona alichoandika, lakini kama programu yako haifungui faili, inatazama nakala yake ya memori, hakikisho hilo halikusaidii kitu. Ule upenyo ambao ungekuwa wa kufumba na kufumbua ukawa wa sekunde nzima nzima.

Hesabu ya kujua waliopotea wote ilikuwa rahisi mno: chukua kila namba ya risiti iliyoandikwa "imefanikiwa" kwenye logi za seva zote mbili, tafuta kama ipo kwenye faili la mzigo, ambayo haipo ndo imepotea. Katika maelfu ya risiti zilitoka kumi na kitu. Na kati ya hizo kuna chache ambazo hazikuelezeka kwa mgongano wa seva hata kidogo, zilifuatana, AMCOS moja, zote za alasiri moja. Aliyezifuta hizo akawa mhasibu: folda ileile ilikuwa imeshirikishwa kwenye kompyuta ya Windows, akafungua faili kwa Excel asubuhi kuangalia jumla, akaliacha wazi, jioni akabonyeza kusevu. Risiti zote zilizoingia kati ya asubuhi na jioni zikafutwa na nakala ya asubuhi. Loki, yaani kufuli la kuzuia mwingine asiandike, ambayo Windows inaomba kwa Samba (programu inayoifungulia Windows folda za Linux), seva zinazoingia kwa NFS hazilazimiki kuiona.

Loki ya kwanza

Uamuzi wa kwanza, kabla timu yetu haijaitwa, ulikuwa wa kawaida ambao karibu kila fundi angeufanya: weka flock, loki ya Linux ya kufunga faili, kabla ya kusoma, toa baada ya kuandika. Ikajaribiwa kwa programu mbili zikiandika kwa fujo kwenye Seva A, hakuna mstari uliopotea, ikawekwa kazini. Wiki ileile zikapotea risiti nyingine.

Tulipofika tulifanya jaribio moja tu. Kwenye Seva A tukaendesha flock kwenye faili la majaribio lililopo stoo na tukaiambia ishikilie kwa dakika moja. Kwenye Seva B, ndani ya dakika hiyo, tukaomba loki ya faili hilohilo kwa flock -n, ile isiyosubiri. Ilitakiwa ikataliwe, ikapewa papo hapo. Yaani kila seva ilikuwa inajifungia yenyewe chumbani kwake.

Flock kwenye NFS si kitu kibaya, tangu Linux 2.6.12 inageuzwa kuwa loki ambayo stoo yenyewe inaijua. Ila ukisoma /proc/mounts (orodha ya folda zilizounganishwa na mipangilio yake) za seva zile ulikuwa unakuta nolock, na pembeni local_lock=all. NFS ya toleo la 3 inatumia huduma tofauti kwa ajili ya loki, yenye milango yake, na milango hiyo ilikuwa imezibwa na faiwoli, programu zikawa zinaganda, fundi wa zamani akaweka nolock zikaacha kuganda. Maana yake loki zote zinabaki ndani ya mashine husika. Aliyeandika flock na aliyeweka nolock hawakuwahi kukaa pamoja, na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaokuambia jambo hili, loki inakubali vizuri kabisa.

Faili la loki, na usiku umeme ulipokata

Kabla hatujamaliza kuelewa hilo, presha ilikuwa kubwa, kuna mnada mwingine unakuja, ikaamuliwa jambo la pili: faili la loki. Seva inayotaka kuandika inaunda faili dogo kwa sharti la "liwe halipo", ikifanikiwa inaandika, ikimaliza inalifuta. Hii inavuka mashine kweli, NFS 3 inaheshimu sharti hilo. Ndani ya faili waliweka jina la seva na namba ya programu (PID), ile ambayo mashine inaipa kila programu inayoendeshwa ndani yake.

Ilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokata usiku. Gesi ya Mnazi Bay ya kuzalishia umeme ipo hapahapa Mtwara lakini kukatika kunakatika, na UPS (betri ya akiba) ya Seva B ilikuwa imechoka. Seva B ikazima katikati ya kazi, mafaili ya loki yake yakabaki stoo. Asubuhi Seva A ikawa inasubiri loki ambazo mwenyewe hayupo. AMCOS kadhaa hazikuweza kutuma hata risiti moja huku wakulima wamepanga magunia nje tangu alfajiri. Ile namba ya programu ndani ya faili haikusaidia, kwa sababu namba ya programu ya Seva B ukiwa Seva A haina maana yoyote, huwezi kuuliza kama ipo hai.

Ikawekwa skripti: loki ikizidi dakika tano ifutwe. Hapa ndo mambo yaliharibika zaidi. Umri wa faili unatokana na saa ya stoo, ila aliyekuwa anapiga hesabu ni Seva B kwa saa yake. Seva B ilipowaka ilichukua saa ya kwenye bodi ambayo ilikuwa mbele kwa zaidi ya dakika tano, intaneti nayo ilikuwa haijarudi kwahiyo hakuna wa kuisahihisha. Kila loki mbichi iliyowekwa na A, B iliiona imechakaa, ikaifuta, ikaingia. Safari hii seva mbili ziliandika faili moja kwa wakati mmoja kabisa, na tukapata faili lenye mstari uliokatika katikati: namba ya mkulima ipo, kilo zimeandikwa tarakimu ya kwanza tu, halafu mstari mwingine umegandia hapohapo.

Na hata saa zingekuwa sawa, dakika tano hazikupi uhakika. Seva inaweza kuganda kwa sababu diski imezidiwa au mtandao wa ndani umeyumba, ikazinduka baada ya loki yake kufutwa, ikaendelea kuandika ikidhani loki bado ni yake.

Mezani

Hapo ndo tulikaa na meneja, mhasibu, kaka wa IT na sisi. Njia zilizokuwepo ni hizi.

Kurudi kwenye seva moja. Ingemaliza mgongano siku hiyohiyo, ila tulikuwa kileleni mwa msimu na ingeelemewa, foleni za mizani zingerudi. Ikakataliwa, japo tulikubaliana ibaki kama njia ya dharura.

Kuhamia databesi. Ndo njia sahihi ya muda mrefu na hakuna aliyebisha, ila kubadilisha mahali kilo za watu zinapotunzwa katikati ya minada, na benki inategemea faili la CSV la muundo uleule, mimi binafsi nilipinga na nitaendelea kupinga mtu akiniuliza leo. Kingine, databesi haikuponyi yenyewe tu, ukisoma jumla, ukaongeza kwenye programu, ukaandika jumla mpya bila muamala (kusoma na kuandika kufungwa pamoja kama kitendo kimoja) wala loki, utapoteza vilevile.

NFS ya toleo la 4 yenye loki za kweli. Hii ilikuwa karibu sana kuchaguliwa. Loki zipo ndani ya itifaki yenyewe, na seva ikifa loki yake inaisha muda, kawaida ya Linux ni sekunde 90, kwahiyo ile shida ya loki za marehemu inapungua. Lakini stoo ikiwaka upya nayo kuna kipindi cha kusubiri cha kama hizohizo 90, na loki hizi ni za hiari, programu isiyoomba loki inapita. Excel ya mhasibu ingebaki palepale.

Njia ya nne ilitoka kwa kaka wa IT, aliuliza swali ambalo liligeuza kikao: "Kwani lazima waandike faili moja?" Mkulima hajali faili, benki inataka faili moja lakini inalitaka siku ya malipo, siyo kila sekunde. Hakuna sababu yoyote ya seva mbili kukutana kwenye faili hilo mchana kutwa.

Kilichofanyika

Kila risiti ikawa faili lake. Jina la faili linatokana na AMCOS, namba ya kishikwambi na namba ya risiti, linaandikwa mara moja na halibadilishwi tena milele. Kusahihisha kosa ni risiti mpya inayotaja ya zamani.

Seva ikipokea risiti inaandika kwanza faili la muda, jina lake lina jina la seva na namba ya programu ili lisifanane na la mwenzake, inalazimisha data ishuke diskini kwa fsync, inalifunga, halafu inaliunganisha na jina la kudumu kwa link, amri inayolipa faili lilelile jina la pili. Tulichagua link badala ya rename, amri ya kubadilisha jina, kwa makusudi. Rename ikikuta jina lipo inalifunika kimya kimya, link inakataa. Baada ya hapo ndo kishikwambi kinajibiwa "imepokelewa", na kishikwambi hakifuti risiti yake mpaka kipate jibu hilo.

Kuna jambo moja la NFS hapa ambalo lazima mlijue. Seva inaweza kuomba link, stoo ikafanya, jibu likapotea njiani, seva ikaomba tena, ikajibiwa "jina lipo tayari" wakati aliyeliweka ni yeye mwenyewe. Dawa inayojulikana ni kuangalia lile faili la muda lina viungo vingapi, yaani majina mangapi, vikiwa viwili umefanikiwa hata kama jibu lilikuwa kosa. Sisi tuliongeza na ukaguzi wa pili: jina likiwepo, soma lililopo ulinganishe na lako. Likifanana neno kwa neno, jibu "imepokelewa", maana ni kishikwambi kimerudia kutuma au ni hilo la jibu kupotea. Likitofautiana usifunike na usitupe, weka kwenye folda inaitwa migogoro na mtu aitwe.

Kuunganisha kunafanywa na programu moja tu, inakaa stoo kwenyewe kwahiyo inasoma diski yake na siyo kupitia NFS. Inakusanya risiti zote, inatengeneza faili la malipo jipya pembeni, ikimaliza ndo inalibadilisha kwa rename, hapo kufunika ndo tunachotaka. Ikifa katikati unaiendesha tena, hakuna kilichopotea. Mhasibu akapewa nakala ya kusoma tu.

Likaja jambo dogo ambalo tulilitegemea: ukurasa wa ripoti kwenye Seva A ukiwa unasoma faili la malipo, stoo ikalibadilisha, mara chache ulikuwa unapata kosa la "Stale file handle", yaani faili uliloshika halipo tena. Hili halihitaji loki. Funga, fungua upya, soma kuanzia mwanzo, na jambo la kuanzia mwanzo ni la lazima maana ukiendelea ulipoishia unachanganya nusu ya faili la zamani na nusu ya jipya. Tukaruhusu majaribio machache yenye kusubiri kidogo kwa muda usiolingana, yakiisha ripoti iseme wazi imeshindwa. Kurudia bila kikomo kunaficha ugonjwa.

Mwisho tukaweka hesabu ya jioni. Kishikwambi kinatuma idadi ya risiti na jumla ya kilo za siku, mfumo unalinganisha na ulichonacho, tofauti hata ya kilo moja inatoka kwenye orodha ambayo katibu wa AMCOS na IT wote wanaiona.

Matokeo

Risiti zilizopotea zote zilipatikana kwenye kumbukumbu za vishikwambi na zikalinganishwa na karatasi za wakulima, pamoja na ule mstari uliokatika. Malipo ya mnada husika yalishapita, kwahiyo wakulima wale waliingizwa kwenye malipo yaliyofuata, wakachelewa lakini wakalipwa. Yule kijana wa mizani alirudishwa kazini na chama kilimsafisha mbele ya wanachama kwenye mkutano, jambo ambalo nililisisitiza sana maana tuhuma ilisemwa hadharani.

Msimu uliobaki hesabu ya jioni haikutoa risiti iliyopotea. Folda ya migogoro iliingia mafaili machache, na hayo yalitufungulia kitu kingine: vishikwambi viwili vilikuwa na namba moja, fundi alinakili mpangilio wa kimoja kwenda kingine bila kubadilisha, vikawa vinatoa namba zilezile za risiti kwa wakulima tofauti. Mfumo wa zamani ungeziingiza zote mbili bila kusema neno.

Gharama ilikuwepo. Mafaili madogo yakawa mengi mno, folda ya AMCOS kubwa ikawa nzito kufunguka mpaka tulipozigawa kwa siku, na bakapu ya usiku ikawa inachukua muda mrefu zaidi ya zamani.

Uchambuzi

Kilichobeba kisa hiki ni vitu ambavyo havikuwa vya seva. Karatasi ya mkulima, kumbukumbu ya kishikwambi na daftari la IT. Kama vishikwambi vingekuwa vinafuta risiti mara tu baada ya kutuma, tungebaki na karatasi zinazofifia na neno la karani dhidi ya neno la mkulima. Mtu anayejenga mfumo wa namna hii aache chanzo kibaki na nakala yake mpaka malipo yakamilike, hata kama memori inajaa.

Kilichoshindwa mapema kuliko vyote ni jaribio la flock kwenye mashine moja. Jaribio lile lilithibitisha kitu ambacho hakikuwa na shaka, kwamba programu mbili za seva moja zinaheshimiana. Tatizo lilikuwa kati ya mashine mbili na halikujaribiwa kati ya mashine mbili, na lile la kwetu la dakika moja linafanyika na mtu yeyote, halihitaji programu wala ruhusa maalum.

Faili la loki lenyewe silipingi, linafaa kwa kazi fupi ambazo zikigoma mtu yupo karibu. Lililoumiza ni kumfanya mtu mwingine aamue kwa saa yake kwamba mwenye loki amekufa. Kama lazima loki ichakae basi anayepima awe mmoja na saa iwe ya mahali pamoja, na aliyenyang'anywa loki azuiwe asiandike, tuseme kwa namba inayopanda kila loki ikitolewa, ili stoo ikatae namba ya zamani. Kwenye folda ya kawaida ya NFS hakuna wa kukataa, ndo maana tuliona kufuta mkutano wenyewe ni rahisi kuliko kuulinda.

Kuhusu uchache wa tatizo, hili ndo lililochelewesha kila kitu. Risiti kumi na kitu katika maelfu kwenye ripoti inaonekana ni kelele tu, na kila marekebisho yalionekana yamefanya kazi kwa sababu siku kadhaa zilipita bila malalamiko. Siku kadhaa zilikuwa zinapita bila malalamiko hata kabla ya marekebisho! Kama huna hesabu inayokuambia leo kimepotea kipi, huwezi kujua kama dawa yako imeponya au bahati tu imekuangukia. Hesabu ya jioni ingewekwa siku ya kwanza, hata kabla ya kugusa loki, flock ingejulikana haifanyi kazi siku ileile iliyowekwa, na kijana wa mizani asingekaa nje.

Uamuzi wa kutohamia databesi katikati ya msimu bado nauona ulikuwa sahihi, na wa kurudisha seva moja kuwa njia ya dharura pia, ingawa kuna mwenzetu kwenye timu aliyeona tungefanya hilo kwanza tukapumua, hoja yake ilikuwa na uzito na kama foleni za mizani zingekuwa fupi kidogo ningemuunga mkono.

Baada ya msimu chama kilianza kuhamishia kumbukumbu kwenye databesi, namba ya risiti ikiwekewa sharti la kutojirudia, na programu ya kuunganisha ikabakizwa kwa ajili ya kutoa CSV ya benki. Nolock imeondolewa, milango ya faiwoli imefunguliwa, UPS ya Seva B imebadilishwa, na seva zote sasa zinachukua saa kutoka stoo hata intaneti ikiwa haipo.